Sekunde Ishirini na Mbili za Mwongeli

Kicheko cha wenzake ndicho kilichomfikia kwanza, kisha ikamfikia sauti yake mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne za asubuhi, katika chumba wanachonywea chai wauguzi wa hospitali moja mjini Kajiado. Mwongeli alikuwa ndiyo kwanza ameketi, miguu ikimuuma kwa kuzunguka wodi tangu alfajiri. Elsie, mwenzake wa zamu, alikuwa amesimama dirishani na simu mkononi, machozi ya kicheko yakimlengalenga.

"Aki njooni msikie hii kitu ya Kitengela," Elsie alisema. "Huyu dada amevunja Kiingereza mifupa yote! Hata sisi wa orthopedic hatuwezi kuunga."

Akaibonyeza tena. Ikatoka sauti ya mwanamke, nyembamba, ikipanga maneno ya Kiingereza moja moja kama mtu apangaye mayai kwenye kapu. Ilisema *am-BU-lance*, na papo hapo ikalia kengele kali: tiii! Ikasema *hos-PI-tal*. Tiii! Ikarudi *am-BU-lance*, na kengele ikalia mara mbili. Halafu akaingia mwanamume mwenye sauti nzuri, laini kama samli: "Huyu ni mwanafunzi wangu alipokuja. Msikilizeni sasa, miezi mitatu baadaye." Mwanamke yule yule akatamka *AM-bulance*, akatamka *HOS-pital*, kila mkazo mahali pake. Mwanamume akamalizia: "Njoo kwa Mwalimu Wahome, Kitengela. Usiaibike tena."

Sekunde ishirini na mbili, basi.

Chumba kizima kilicheka isipokuwa mmoja. Mwongeli alikiweka kikombe mezani polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyegundua ameshika dawa isiyo yake.

"Mwongeli?" Elsie alimtazama, akatazama simu, akamtazama tena. "Ngai! Usiniambie ni wewe."

"Ni mimi," Mwongeli alisema. "Na ambulance unayoicheka ilikuwa ya mama yangu."

Hakungoja pole ya mtu. Alikwenda kwa msimamizi wa zamu, akaomba ruhusa, akavua aproni. Alikuwa hajavuka lango la hospitali simu ilipolia. Alikuwa baba yake, Mzee Muteti, akipiga kutoka nyumbani, ng'ambo ya Mashuuru.

"Mwongeli, nimeletewa sauti yako," mzee alisema bila salamu, naye si mtu wa kuruka salamu. "Kaka yako Muema amenifasiria. Nimesikia jina la mama yako, halafu nikasikia kengele."

"Baba..."

"Nauliza neno moja tu. Mwenye kengele ndiye anayeniletea mbuzi Jumamosi?"

Mwongeli alifumba macho. "Ndiye."

"Basi nenda ukaseme naye. Mimi sikuamulii, wewe ndiwe utakayelala katika nyumba yake. Lakini jua lisitue kabla sijapata jibu: nipokee, au nisipokee."

Ilikuwa amri ya haki. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo ndio kufuli ya ndoa. Pete yaweza kuvuliwa na picha zaweza kufutwa, ila mbuzi wale wakishachinjwa uani kwa baba wa binti na nyama yao ikaliwa na pande mbili, binti huyo ni mke wa watu mbele ya Mola na mbele ya ukoo. Kabla ya hapo ni binti wa baba yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Yeye na Wahome walianza kupendana kwa silabi. Mwongeli alikuwa ameshindwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ule wanaotakiwa kuufanya wauguzi wanaokwenda kufanya kazi ng'ambo. Sarufi aliijua na maneno alikuwa nayo tele, lakini mtahini alimkatiza mara tano akimwomba arudie. Kiswahili alicholelewa nacho kina adabu yake: neno liwe fupi ama refu, uzito wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama mgeni ajuaye kiti chake, na mtunga mashairi apimaye mizani hulala usingizi bila wasiwasi. Kiingereza hakina kiti maalumu. Uzito leo umekaa mbele, kesho katikati, na lile lile neno likiacha kuwa jina likawa tendo, uzito nao huhama nyumba. Mwongeli aliyachukua maneno ya wageni akayaketisha kwa adabu za kwao, wenyewe wakapita wasiyatambue.

Wahome ndiye aliyemtoa gizani. Alikuwa na darasa dogo orofa ya tatu mjini Kitengela, juu ya duka la mabati na misumari, na mbinu yake ilikuwa ukanda wa mpira, wa aina ile wanayofungia sukuma wiki sokoni. Mwanafunzi huushika kati ya vidole gumba viwili. Silabi nzito ikifika anauvuta, nyepesi zikipita anaulegeza. "Usizigawie zote sawa kama ugali wa matanga," alikuwa akisema. "Mmoja ashibe, wengine walambe vidole." Siku moja mpira ulikatika mkononi mwa Mwongeli, Wahome akamshika vidole aone kama vimeumia. Havikuwa vimeumia. Hakuviachilia upesi. Macho yalikutana, wote wawili wakainama, na somo la siku ile halikuisha.

Wazee walinung'unika pande zote mbili. Muthoni, mama yake Wahome, alisema mwanawe atakufa njaa kwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa wanayopika Wakamba. Mzee Muteti alisema hajui kazi ya mtu anayelipwa kwa kufundisha watu wazima kusema. Mapenzi yalivuka yote hayo.

Halafu likaja zoezi lile. "Nieleze kwa Kiingereza jambo usiloweza kulisahau," Wahome alimwambia. "Usijali makosa. Jirekodi, unitumie." Mwongeli alijifungia chumbani mwake adhuhuri moja, akaeleza kwa dakika nne siku aliyokufa mama yake. Hakuwahi kumweleza mtu. Kwa Kikamba angelia kabla ya neno la pili. Kiingereza kilimpa umbali, kikamfanya kama anayesimulia ya mwingine. Alituma, akakaa na simu mapajani. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Vizuri sana, mpenzi. Tuna maneno kumi na saba ya kurekebisha."

Alimshukuru kwa hilo. Alidhani ni staha; alidhani amekiona kidonda akakipita kando kwa upole. Leo, mbele ya mlango wa darasa lake, alijua kwamba hakukiona kabisa.

Wahome alikuwa ubaoni akichora nukta nyekundu juu ya silabi nzito. Wanafunzi walikuwa wanane, watu wazima wote. Alipomwona uso ulimchanua.

"Mwongeli! Mbona hukusema unakuja? Karibu, wanafunzi wangu wamengoja sana kukuona. Jameni, huyu ndiye..."

"Usinitaje," Mwongeli alisema.

Kalamu ya ubaoni ilibaki hewani.

"Kuna nini?"

"Twende kule ndani, au nikuambie hapa hapa. Mimi sioni tofauti. Wewe huogopi watu kusikia mambo ya wengine."

Walikwenda nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, mahali Wahome alipoweka meza yake na birika la chai. Ukuta ule ulizuia macho tu.

"Umeiona," Wahome alisema.

"Nimeisikia. Watu wanaicheka wakinywa chai. Baba yangu ameisikia Mashuuru, na Muema akamfasiria neno kwa neno. Unajua maana yake mzee kufasiriwa kifo cha mke wake, kengele inalia?"

"Mpenzi, ngoja. Sikutaja jina lako."

"Ulitumia sauti yangu! Sauti si jina? Baba yangu hakuhitaji jina kunitambua."

"Nilitaka watu waone ulikotoka na ulikofika. Mimi najivunia wewe. Hujui vile nakuringia hapa? Kila anayekuja namwambia, niko na mwanafunzi mmoja, nurse wa Kajiado, alikuwa hapa chini, sasa yuko pale juu."

"'Usiaibike tena,'" Mwongeli alimrudishia maneno yake, akaiga hata ulaini wake. "Nani alikuwa na aibu, Wahome? Mimi nilikuwa na makosa. Aibu umenipa wewe."

"Ni tangazo tu, jameni. Tangazo huwa na kichwa cha maneno. Watu kumi na tisa wameandika jina tangu Jumanne."

"Watu kumi na tisa." Alicheka kicheko kikavu kisichomfikia machoni. "Mama yangu amekuletea wanafunzi kumi na tisa. Umemwambia asante?"

Wahome alivuta kiti, hakukikalia. "Nitaifuta sasa hivi. Tazama, naifuta mbele yako."

"Futa. Kwako utafuta. Kwa Elsie utaifutaje? Kwa baba yangu? Utaingia masikioni mwake na kitambaa?"

"Basi unataka nifanye nini? Niambie! Umekuja hapa mbele ya wanafunzi wangu na sauti ya juu kama mimi ni mwizi..."

"Si wewe ni mwizi? Nilikupa kitu ukishike, ukakikata vipande ukauza utumbo."

"Sikujua ni kitu! Ulinitumia zoezi. Nilikuwa na mazoezi arobaini wiki hiyo. Mimi nasikiliza mkazo, Mwongeli. Ndiyo kazi yangu. Daktari akikupasua tumbo anasimama kulia?"

"Hapana. Lakini akishona hatoki na ini langu kwenda kulionyesha sokoni."

Upande wa pili wa mbao mtu alikohoa, mwingine akamnyamazisha.

Wahome alipiga ngumi mezani, si kwa nguvu, ila birika lilitikisika. "Na mimi je?" alisema, na sauti ile ya samli ilikwaruza. "Hujawahi kuniuliza mimi nasikia nini. Kila neno unalolipata sawa ni hatua moja kwenda uwanja wa ndege. Mimi ndiye ninayekusindikiza, silabi kwa silabi! Mama yangu ananiambia kila siku: huyo ukishamfundisha ataruka, utabaki na ubao. Ukipasi, nimekupoteza. Ukianguka, mimi ni mwalimu mbovu. Niambie, nishangilie lipi?"

Hilo Mwongeli hakuwa amelijua. Siku nyingine, kwa mlango mwingine, maneno hayo yangemfanya amshike mkono na kukaa naye hadi magharibi. Leo yalikuja yamechelewa, na yalikuja yakiwa ngao.

"Ungeniambia hivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Siku yoyote. Ungesema, 'Mwongeli, naogopa.' Ningekusikiliza mpaka mwisho. Wewe uliogopa ukachukua wembe ukanikata mimi."

"Sikukukata kwa makusudi."

"Mara ngapi umeisikiliza ile sauti ukiitengeneza? Sema kweli."

"Nyingi. Kutafuta pa kukata, kuweka kengele... Arobaini. Labda zaidi."

"Mara arobaini." Mwongeli aliegemea meza kwa mikono miwili, uso wake karibu na wake, na macho aliyozoea kuyainamisha mbele yake hayakuinama. "Basi niambie. Mama yangu aliitwa nani?"

Wahome alifungua kinywa.

Chini barabarani lori lilipiga honi ndefu likapita. Muuzaji wa mabati alikuwa akibishana na mteja juu ya geji, unene wa bati. Wahome alitazama ubavuni, akatazama birika, kama mwanafunzi anayetafuta jibu ukutani.

"Ni... ulisema 'my mother'..."

"Nilisema jina. Mara tatu. Mara moja limo hata katika zile sekunde zako ishirini na mbili, kabla tu ya kengele ya kwanza. Baba yangu hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, na amelisikia. Wewe umelipita mara arobaini, kwa sababu halikuwa na kosa la kusahihisha."

"Mwongeli, tafadhali..."

"Jina lake."

Kisha sauti ya mwanamume, nzito na ya haya, ikatoka ng'ambo ya mbao:

"Kavata."

Mwongeli aligeuka. Alizunguka ukuta akatokeza darasani. Aliyesema alikuwa bawabu mmoja wa makamo, Munguti, ambaye bado alikuwa amevaa sweta ya kazi yenye beji begani. Aliinuka aliposogelewa.

"Pole, sista," Munguti alisema. "Sikutaka kuingilia. Mimi ni mtu wa Sultan Hamud, hilo jina ni la kwetu. Marehemu dadangu pia alikuwa Kavata. Ndiyo maana mimi sikucheka."

"Ulicheka, Munguti," alisema mwanamke wa kando yake, Judy, msusi wa saluni ya chini. "Tusidanganye mtoto wa watu. Ulicheka hadi chai ikatoka puani."

Munguti aliinamisha kichwa. "Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikasikia jina."

"Mimi nilicheka mara zote," Judy alisema, na uso wake ulikuwa umevimba kwa haya. "Na nimetumia watu. Nimetumia hata chama chetu cha kina mama. Tichaa alituambia ni mtu anasoma kitabu. Sista, nitapiga magoti nikiambiwa."

Mwongeli alimgeukia Wahome, ambaye alikuwa amesimama kwenye upenyo wa mbao. "Uliwaambia ni kitabu?"

Wahome alianza kusugua wino mwekundu vidoleni. Hilo nalo lilikuwa jibu, na lilimchoma kuliko kengele. Kumbe alijua kuna kitu cha kuficha. Hakujua ni nini, lakini alijua kipo, akakifunika.

"Kaeni," Mwongeli aliwaambia wanafunzi, ingawa hakuna aliyekuwa amejaribu kuondoka. "Judy, usipige magoti. Mmecheka robo ya habari, sasa mtapewa yote. Wahome, mimi sisemi kwako. Nasema kwa hawa. Wewe simama hapo hapo."

Akaeleza. Alieleza kwa Kiswahili, bila mpira wala ubao. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alishikwa na uchungu wa mimba ya mwisho mvua ikiwa siku ya nne, na mto uliokuwa kati yao na zahanati ulikuwa umekula daraja la miguu. Wanaume sita waling'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake, wakambeba hadi ukingoni. Ambulance ilikuwa imefika upande wa pili. Dereva alifanya alichoweza: aliwasha ile taa ya juu ili wajue hawakuachwa. Ikazunguka, nyekundu, katika mvua ya mchana kweupe, tangu saa sita hadi saa kumi. Maji hayakushuka. Mwongeli alishika mwavuli juu ya uso wa mama yake, na mama yake, kila alipofumbua macho, aliuliza: bado iko? Naye akajibu: bado iko, mwaitu, mama yangu. Saa kumi Kavata hakuuliza tena. Mtoto hakulia. Baba yake alivuka maji peke yake jioni ile, yalipopungua, akamkuta dereva analia kwenye usukani, akamshukuru kwa kungoja.

"Hiyo ndiyo am-BU-lance," Mwongeli alisema. Alilitamka kama alivyolitamka siku ile ya kurekodi, kwa uzito wa kwao, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. "Ichekeni sasa, kama inachekesha."

Judy alikuwa ameficha uso katika leso. Munguti alisimama wima kama aliyefiwa na jamaa yake. Wahome alikuwa ameteremka ukutani hadi sakafuni, magoti juu, viganja machoni, na mabega yalimtikisika.

"Sikuwahi kusikia," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Wallahi... haki ya Mungu, Mwongeli, niliisikia yote na sikuwahi kusikia."

Moyo ulimruka kumwendea. Ndiyo sababu alikaza miguu.

Hapo simu ikalia mkononi mwake. Alipoona ni nani, akaifungua kwa sauti ya wote.

"Baba."

"Wamefika," Mzee Muteti alisema.

"Nani?"

"Mbuzi."

Wahome aliinua kichwa, macho mekundu. "Mbuzi? Leo? Si ni Jumamosi, na wazee..."

"Amekuja mtu na pikapu," mzee aliendelea. "Amesema anaitwa Githongo, ni mjomba wa kijana. Anafanya biashara ya mifugo, na kwa kuwa alikuwa anapita kwenda mnada akaona aondoe kazi mapema. Amewashusha kama magunia ya viazi, akawafunga uani, akaniambia, 'Mzee, hesabu ni watatu, tuonane Jumamosi,' akatia gia. Hata chai hakunywa. Mimi nina miaka sabini na sijaona ntheo ikiletwa kama mzigo wa duka."

Wahome alishika kichwa. "Mjomba! Yesu wangu, mjomba..."

"Nani huyo analia?" mzee aliuliza.

"Mwenye mbuzi," Mwongeli alijibu.

"Basi yuko hapo. Vizuri, asikie. Sijawagusa. Jua ni kali na sijawapa hata maji, maana nikiwapa maji leo, kesho nitaambiwa nimewapokea. Muema ananiita mkatili. Wanalia, Mwongeli. Nifanye nini?"

Kupitia simu walisikika, watatu, kwa sauti za kiu. Darasa zima lilikuwa likisikiliza mbuzi wa Mashuuru.

"Mwambie awape maji," Wahome alisema kwa mnong'ono. Alikuwa ameinuka kwa goti moja. "Tafadhali. Mwambie awape. Nitafanya lolote, nitasimama popote utakapo, nitakwenda redioni nikijitukana. Mwambie tu awape maji."

Wote walijua ombi lile halikuwa la maji. Mwongeli alimtazama akiwa pale chini, mwanamume aliyemwonyesha mahali pa kuweka uzito katika maneno elfu, na akaona jinsi ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na Jumamosi ingekuja na nyimbo zake.

"Baba," alisema, "wape maji. Na majani pia. Wanyama hawana kosa."

Wahome alishusha pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Kwa hiyo nimewapokea?" mzee aliuliza.

"Hapana. Wanyweshe kama ungemnywesha mnyama wa mpita njia. Jumamosi hakuna ntheo."

Pumzi ile ilikatika katikati.

"Umesikika," Mzee Muteti alisema, na ukali ulikuwa umemtoka. "Na wenyewe wawachukue lini?"

"Atakuja yeye. Si mjomba wake, si mama yake, na hana ruhusa ya kuleta mzee wa kumsemea. Akifika, baba, nakuomba usimkaripie. Mpe kiti. Msikilize akikueleza kwa kinywa chake alichokifanya na sauti ile, tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa Kiswahili, hatahitaji Kiingereza."

"Na akimaliza?"

"Akimaliza, mbuzi wake wako uani. Awafungue, aende nao."

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu kwa leo."

Akakata simu. Wahome alisimama, akapiga hatua moja kumwendea, akakomea hapo kwa kuona uso wake.

"'Kwa leo,' umesema," alisema. "Nimesikia umesema 'kwa leo.'"

"Sasa unasikia."

"Nitakwenda. Nitakwenda kesho asubuhi. Na wewe utakuwa huko?"

"Niko kazini. Nilikuwa nimeomba siku mbili za harusi yangu, nakwenda kuzirudisha." Alitengeneza mkoba begani. "Na mtihani wangu ni wiki ijayo, nitaufanya. Nikipasi nitajua mwenyewe la kufanya. Usiwe na kazi ya kushangilia wala kulia."

Hakumpa mkono. Judy alimfungulia mlango, na Munguti akasema kwa Kikamba safari njema, kama asemavyo mtu kwa dada yake.

Jua lilikuwa wima juu ya barabara ya Namanga, vumbi la simenti likielea juu ya maduka. Mwongeli alitembea kwa kasi hadi mwisho wa jengo, kisha akasimama. Alikuwa amekuja na hasira moja, akadhani ataiacha kule juu na ashuke mwepesi. Lakini alipokuwa akiitafuta ndani yake ajue imebaki kiasi gani, alikuta nyuma yake kitu kingine kimekaa pale pale kilipokuwa jana: bado alimpenda. Na hapo ndipo hasira ilipompanda upya, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo.